Saa ya Jogoo na Fuawe

Siku ile mjinga alikuwa Wilf Dungworth, na ukimuuliza hakuzungushi. Atakwambia mjinga alikuwa yeye, tena mjinga wa kujipika mwenyewe, hakuna aliyemsaidia hata kuchochea kuni. Wakati huo atakuwa anafuta povu la bia kwenye masharubu, na wewe utakuwa umeshaanza kusogeza kiti.

Basi sogeza.

Baa ya Jogoo na Fuawe ilisimama kwenye kona ya Mtaa wa Salter, upande wa mashariki wa Sheffield, peke yake kama jino la mwisho kwenye fizi ya mzee. Haikuwa peke yake siku zote. Zamani mtaa ule ulikuwa viwanda vya chuma upande huu na baa upande ule, na kila baa ilikaa mkabala na lango lake, kama mama lishe anavyojipanga mbele ya mafundi wa ujenzi. King'ora kikilia, wanaume walimwagika kutoka kwenye matanuri, mashati yamekakamaa kwa chumvi ya jasho, wakavuka barabara bila kutazama huku wala kule, wakakuta glasi zimeshajazwa na kupangwa juu ya kaunta kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Wala haikuwa anasa. Aliyeshinda mbele ya moto ule alitoka amekauka kama ukuni, na asiporudisha maji mwilini angeanguka kabla ya kufika kwake. Kisha viwanda vikafa, kimoja kimoja, na baa zikavifuata kaburini kama wajane waliokosa pa kwenda.

Wilf alikuwa ameendesha nyundo ya mvuke tangu ujana mpaka siku walipoizima. Nyundo ilimwachia masikio mabovu na mikono isiyojua kukaa bure. Alipokosa cha kugonga akaanza kutembeza watu. Kila Jumapili aliongoza kikundi cha wapenda mambo ya kale kupita Mtaa wa Salter, akiwaonyesha viwanja vilivyojaa magugu. Hapa, aliwaambia, palikuwa na nyumba ya wageni ambako waendesha mikokoteni ya mkaa walilala juu na farasi wao wakalala chini, na ukipita usiku usingejua ni kina nani wanaokoroma. Pale palikuwa na baa ya wanoa visu, watu ambao hawakushika kazi Jumatatu hata ungewaelekezea bunduki. Waliiita Jumatatu Takatifu, wakaiadhimisha mpaka kuchwa kwa jua. Doris Shirtcliffe, mteja wa miaka mingi wa Jogoo na Fuawe, alikuwa akisema kwamba Wilf ndiye mtu pekee duniani anayewalewesha watu kwa baa zisizokuwapo.

Sasa kampuni moja ya matairi ilikitaka kiwanja cha Jogoo na Fuawe ili ijenge ghala, na wenye nyumba walikuwa tayari kuuza. Kilichobaki kuizuia ni kamati ya halmashauri inayoshughulikia majengo ya kumbukumbu. Kamati ikiiandika nyumba ile kuwa ya kumbukumbu, hakuna wa kuigusa. Isipoiandika, Noreen Broomhead, aliyezaliwa kwenye chumba kilicho juu ya kaunta ile na kuirithi kazi kwa mama yake, afungashe masanduku akatafute pa kuishi. Kamati ilisema itakuja kukaa palepale kwenye baa, chumba cha juu, siku ya Alhamisi saa tano asubuhi. Kwa kanuni zao, raia mmoja hupewa dakika tano za kusema, tena mwanzoni kabisa, kabla ya wenye tai kuanza kubishana. Watu wote wa pale walimtazama Wilf.

Wilf alikubali haraka mno, na alikuwa na sababu yake. Chumba kile cha juu kwake hakikuwa chumba tu. Enzi za wanoa visu, mtu akifa kiwandani, mchunguzi wa vifo alikuja kuketi kwenye baa iliyo jirani, na maiti ililazwa kwenye banda la farasi uani. Ngazi ya nje iliyopandia uani ilijengwa kwa ajili hiyo, ili mkubwa yule asipite katikati ya wanywaji. Babu yake Wilf, mnoa visu aliyeitwa Enoch, alipasukiwa na jiwe la kunolea. Wazee wa baraza wakaketi chumba kile, wakalitaja jina lake, wakasema ni bahati mbaya, wakaagiza bia. Leo kiwanda alichofia kimebomolewa, nyumba aliyoishi imebomolewa, na makaburi alikozikwa yamepitiwa na barabara. Mahali pekee palipokuwa na dari na sakafu ambapo jina la Enoch Dungworth lilipata kutamkwa mbele ya watu ni pale. Hilo Wilf hakuwahi kulisema kwenye matembezi yake ya Jumapili. Alikuwa amelitunza, na sasa alijua alikuwa akilitunzia nini.

Tuje kwenye saa.

Saa ya Jogoo na Fuawe ilining'inia juu ya kaunta, pana kama sinia, na ilikuwa mbele kwa dakika kumi. Haikuwa mbovu. Babu yake Noreen aliisukuma hivyo makusudi wakati wa vita ile ya kwanza, serikali ilipoanza kuamuru baa zifungwe mapema. Akitangaza muda umekwisha, wanywaji walipata nafasi ya kununa, kumaliza glasi na kutafuta kofia kabla askari hajachungulia. Mwanzoni ilikuwa hila ya mwenye baa. Baadaye ikawa tabia ya watu. Kila mtu wa pale aliitazama na kutoa kumi bila kujua kwamba anatoa, kama unavyopepesa jicho. Watoto waliotumwa kuwaita baba zao walitoa kumi. Mama zao, waliokuwa na chakula kinachopoa mezani, walitoa kumi. Na kwa kuwa watu wa matanuri hawavai saa, maana chuma kwenye kifundo cha mkono mbele ya moto ule ni kujipiga pasi mwenyewe, ile ya ukutani ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa mzima.

Jumatano jioni Wilf aliitazama saa ile akaona aibu. Alimjua Bwana Peake, msemaji wa kampuni ya matairi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko uso wake. Alimsikia tayari kichwani: mheshimiwa mwenyekiti, nyumba hii inadanganya hata ukutani. Noreen alikuwa chini kwenye stoo akiviringisha mapipa. Wilf akachukua kigoda, akapanda, akafungua kioo, akaurudisha mshale nyuma dakika kumi. Akashuka, akajisifu moyoni, akaenda kulala. Hakumwambia mtu.

Alhamisi aliamka kabla ya ndege. Alinyoa mara mbili, akajikata mara mbili. Alifika baa wakati Noreen bado anapiga pasi kitambaa cha meza, akambebea viti juu, akamshushia vingine ambavyo alishavibeba, mpaka Noreen, ambaye midomo ilikuwa imemkauka na ambaye hakuwa na maneno ya kumpa mtu asubuhi ile, akamwonyesha mlango wa chini kwa kidole. Chini wateja walikuwa wameanza kuingia, wazee wa viwandani na wake zao na wajane wao, wamevaa nguo za mazishi kwa kuwa ndizo nguo nzuri walizonazo. Walikaa kila mmoja kwenye kiti chake cha siku zote. Wilf hakukaa. Alikwenda mlango wa mbele akatazama barabara, akarudi, akasogeza kibweta cha majivu, akakirudisha, akaitazama saa, akaenda tena mlangoni.

"Kaa chini, kipenzi," Doris akamwambia. "Kukutazama wewe ni kama kusafiri kwa meli. Natapika sasa hivi."

Doris alikuwa amesugua vijiko na uma kiwandani ujana wake wote, magazeti yamefungwa miguuni na kitambaa chekundu kichwani, na ulimi wake ulipita kwenye gurudumu lilelile la vijiko. Wilf akamwambia hakumbuki aanzie wapi. Doris akamshauri aanzie mwanzo na amalize watu wakiwa bado hai. Wilf akasema jambo lililomnyima usingizi: kuta za mbele zilijengwa upya kabla ya vita ya pili, na Peake analijua hilo, na akilisema wataonekana waongo.

"Na mimi meno yangu ni mapya," Doris akasema. "Nani kaniambia mimi si kizee?"

Wazee wakacheka, Wilf hakucheka. Alikwenda mlangoni. Kila aliporudi aliitazama saa, na kila alipoitazama akatoa kumi. Nimeshakwambia ni nani aliyeirekebisha saa ile. Ni mikono hiyohiyo iliyopanda kigoda usiku uliopita. Lakini mikono ilirekebisha na macho hayakuambiwa. Macho yalikuwa na desturi yao tangu alipokuwa mtoto wa kutumwa kumwita baba, na yaliendelea na desturi yao.

Mshale ulipogonga saa tano kamili, mtu mmoja akauliza kama wapande. Wilf akasema bado dakika kumi, na kila mtu akaitazama saa, akaona kweli bado dakika kumi. Juu yao sakafu ililia kwa miguu. Walisikia kwa shida, maana nyundo hazikumwonea Wilf peke yake. Wakasema Noreen anapanga viti. Ngazi ya uani ilikuwa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeona nani amepanda. Kitambo kidogo kisigino kikagonga dari kwa nguvu, mara tatu, vumbi likadondoka kwenye glasi ya Doris.

"Noreen anaua mende," Doris akasema, akalitoa vumbi kwa kidole.

Wilf alisimama katikati ya chumba, anatembeza midomo bila sauti. Enoch alikuwa na umri gani, jiwe lilipasuka vipi, chumba gani walikaa. Sasa maneno yalikuwa yamekaa kwa mstari, kama glasi juu ya kaunta. Kama angesubiri zaidi yangemwagika. Mshale ukafika saa tano na dakika kumi. Alikaza tai.

"Saa tano kamili," akasema. "Twendeni."

Wakainuka wote kwa pamoja, fimbo, vikohozi, magoti yanayolia, wakapanda ngazi ya ndani nyuma yake kama waombolezaji nyuma ya jeneza. Wilf akafungua mlango.

Kikao kilikuwa kimeshika moto. Mwenyekiti, Bi Ashworth, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya buluu iliyokaa kichwani kama imepigiliwa misumari, alikuwa kwenye meza pamoja na wajumbe wawili na karani. Noreen alisimama kando, amekumbatia sinia la vikombe. Na Bwana Peake alikuwa katikati ya sakafu, amenyoosha mkono juu ya safu za viti vitupu.

"Mnaviona wenyewe," alikuwa akisema. "Nyumba haina ukale, na haina watu. Hata yule aliyepaswa kuja kuitetea hakuja."

Wilf alisimama mlangoni, mkono bado kwenye kitasa. Bi Ashworth akamuuliza ni nani, na amtajie jina lake lote kwa ajili ya kumbukumbu. Wilf akajibu kwa sauti iliyokuwa imechagua kumtoroka.

"Wilfred Enoch Dungworth."

Karani akaandika. Bi Ashworth akamweleza, bila ukali lakini bila kulegea, kwamba walimwita, wakamngoja, wakaendelea. Kwamba Bi Broomhead alikuwa katikati ya kujibu maswali na hakuruhusiwa kutoka, akapiga sakafu kwa kisigino mpaka wao wakaihurumia dari. Kwamba nafasi ya raia ilikuwa ya mwanzo, mwanzo ulishapita, na kanuni haimpi mwenyekiti ruhusa ya kuirudisha. Wilf alimtazama Noreen. Kama Noreen angemtazama kwa hasira angejua pa kushika. Noreen alikuwa anatazama vikombe.

"Lakini ndiyo kwanza saa tano," Wilf akasema.

Peake akainua mkono wake, akaitazama saa yake ya dhahabu, akatabasamu. Na hapo, mbele ya tabasamu lile, Wilf akakiona kigoda. Alikiona akilini kimesimama nyuma ya kaunta, na mtu juu yake, na mtu yule alikuwa anajisifu.

Bi Ashworth akasema angependa tu sababu ya kuchelewa iandikwe, kisha waendelee. Wilf angeweza kusema tumbo. Angeweza kusema mguu. Badala yake akavua kofia akaeleza mambo yote: saa, babu yake Noreen, askari anayechungulia, kigoda, mshale, aibu yake, na jinsi alivyoamka asubuhi akatoa kumi kwenye saa aliyokuwa ameshaitoa kumi mwenyewe. Alipomaliza, sauti ya Doris ikapanda kutoka nyuma yake kwenye ngazi.

"Wewe uliigusa saa?"

"Niliigusa."

"Na hukutuambia?"

"Nilisahau."

"Basi ile nyundo haikuwa ikigonga chuma peke yake, kipenzi."

Mmoja wa wajumbe akajikuta anakohoa ndani ya leso. Bi Ashworth hakucheka. Aliinama mbele ili aone ngazini, ambako vichwa vilikuwa vimepangana mpaka chini, vyeupe na vya upara, na akauliza kama na hawa wote walisahau. Doris akamjibu kwamba wao hawakuwa na cha kusahau. Waliitazama saa, wakatoa kumi, kama mama yake alivyomfundisha alipokuwa akitumwa kumwita baba, na kama bibi yake alivyomfundisha mama. Bi Ashworth akataka kujua kama kuna mtu aliyewaagiza watoe. Watu wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kuagizwa. Basi akasema, waliotoa kumi wainue mikono. Ngazi nzima ikainua, mikono na fimbo, na mwisho kabisa kule chini glasi moja, maana mwenyewe hakutaka kuiacha mezani bila mlinzi.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta polepole, kama mtu anayefanya kazi nyingine kichwani. Kisha akasema kanuni yao inauliza mambo mawili. La kwanza ni umri wa kuta, na hapo Bwana Peake amewashinda, hana la kuongeza. La pili ni kama nyumba imebeba desturi ya watu wake ambayo ikibomolewa haitaonekana mahali pengine. Juu ya hilo, akasema, tangu kikao kianze hakuwa amepata ushahidi wowote, na sasa ushahidi umesimama kwenye ngazi, umechelewa wote kwa pamoja, na unapumua kwa taabu. Akawaomba waje wakae vitini. Akawauliza wajumbe kama nyumba iandikwe kuwa ya kumbukumbu. Yeye akainua mkono, yule wa kukohoa akainua wake, na wa tatu, kijana aliyekuwa ananusa harufu ya pai na njegere kutoka jikoni, akaona haina maana kubaki peke yake.

Wilf alikaa kiti cha nyuma. Dakika zake tano zilikuwa zimepotea, na maneno yake yote bado yalikuwa yamepangwa mdomoni, hayana pa kwenda. Lakini karani alikuwa ameshaandika, na Wilf aliitazama karatasi ile kutoka mbali, na alijua jina lililo katikati, lililotajwa tena ndani ya chumba kile.

Peake alikuwa anakunja ramani zake. Zilikataa kukunjika. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na alipozungumza hakumtazama mwenyekiti, aliwatazama wazee waliokuwa wanajaza viti vile alivyokuwa amevionyesha vitupu.

"Ieleweke vizuri, basi," akasema. "Jiji linakosa ghala, linakosa ajira, kwa ajili ya nyumba ya juzi iliyojaa watu wasiojua hata kusoma saa."

Ni Noreen aliyeweka sinia mezani, taratibu, kikombe kisilie, Noreen ambaye tangu asubuhi alikuwa amejibu kila swali kwa neno moja.

"Kusoma wanajua, kipenzi," akasema. "Leo waliofika humu kwa wakati ni wageni watupu."